Goma: mvua, kikundi chetu cha kinga na ile namba 7

Tangu mwezi wa Oktoba watu wananisimamisha njiani na kuniuliza: «Mama wa radio, kile kikundi chenu cha kinga kilikufa?» Hawatuoni tena Jumapili asubuhi tukipanda kwa mstari kuelekea Kibati. Hapana, hakikufa. Ni mvua.

Wazungu wana majira yao ya baridi, theluji inashuka na kinga zinawekwa ndani. Sisi theluji tunaiona kwenye simu. Lakini mkaaji wa Goma anajua kwamba kuanzia Septemba hadi katikati ya Desemba nasi tuna majira yetu. Asubuhi ukungu unafunika Nyiragongo yote, saa nane mvua inaanguka, na njia zetu za mawe meusi zinageuka mito. Jiwe la volkeno likiwa kavu linakata tairi kama wembe. Likilowa, linakata vilevile na linateleza juu yake. Kwa hiyo kikundi kiliamua, kama kila mwaka, kutopanda mlima hadi mvua ipungue.

Badala yake tunakutana kwa fundi, baada ya misa ya kwanza, saa tatu hadi saa sita. Kinga 8 za kikundi zinafunguliwa moja baada ya nyingine. Ni kinga za VTT, zile za matairi manene, zilizofika huku zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya. Vijana wanajifunza kubandika kiraka, kunyoosha rimu, kusafisha mnyororo kwa petroli na mswaki wa zamani. Mvua ikikatika tunatoka na watoto kwenye uwanja ulio jirani ili wajifunze kuendesha. Mwezi uliopita tulipokea wasichana 3 wapya. Nilifurahi, kwa sababu nilipoingia mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, tena sikuingia kwa ajili ya michezo. Nauli ya motari ilikuwa inamaliza mshahara.

Habari nyingine ni ya Septemba. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 mashindano ya dunia ya kinga yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Tuliyafuata kibandani kwa fundi, watu zaidi ya 10 kwenye simu moja. Siku ya mwisho Tadej Pogačar aliposhinda, vijana walipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna masasi tena. Walipoonyesha kile kilima cha Kigali kilichotandikwa mawe, mmoja wetu alisema: «Hayo ni mawe? Waje Ndosho.»

Sasa namba 7.

Nimesema kikundi kina kinga 8. Katika daftari ziko 9. Ya 9 ni ile ya rangi ya bluu, namba 7, na mbele yake limeandikwa jina langu kama msimamizi.

Kunako mwaka 2023 kijana mmoja wa miaka 15 alikuwa anakuja kusimama mlangoni pa kibanda. Familia yake ilikuwa imekimbia kutoka upande wa Kibumba, ikaishi chini ya hema Kanyaruchinya. Alianza kwa kutuchotea maji. Siku moja fundi akampa kinga aijaribu. Sijaona mtu akishuka mteremko namna ile. Tulimuuliza alijifunzia wapi, akasema hajawahi kuendesha kinga, ila tangu utoto alikuwa anashusha mashu na birayi kwa chukudu ya baba yake. Mtu aliyeshuka kutoka Kibumba hadi Goma juu ya mbao mbili na magurudumu ya mti, breki ikiwa kipande cha mpira chini ya mguu, VTT kwake ni mchezo.

Kanuni yetu inasema asiye na nyumba mjini hawezi kuondoka na kinga bila msimamizi. Nilitia sahihi. Mwaka mzima akaja kila Jumapili, kinga ikiwa safi kuliko zetu.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Sina haja ya kuwaeleza, mlikuwamo. Tulikaa chini ya vitanda, bila maji wala umeme. Mwezi wa Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao kwa siku chache. Nilipofika Kanyaruchinya nilikuta miti ya hema na viatu visivyo na wenziwe. Kijana ameondoka, na namba 7 pia.

Kikundi kilinipa deni la dola 120. Sikubishana, kanuni ni kanuni. Lakini benki zilikuwa zimefungwa, mshahara ulikuwa unachelewa, na kila mwezi nilipotoa dola 10 nilikuwa natoa na hasira. Na hapa niseme jambo ambalo sijalisema radioni. Mimi ambaye kazi yangu ni kupeleka sauti za wahami wa vita hewani, mimi ninayewakemea watu wanaowaita wezi, jioni moja nikiwa jikoni nilisema: «Wahami ndivyo walivyo. Unawasaidia, wanakuibia.»

Mama yangu alikuwa anachagua maharagi. Hakuniangalia. Alinyoosha tu mkono kuelekea sufuria iliyokuwa motoni. Ile sufuria kubwa tunayoiita ya Gisenyi. Tarehe 17 Januari 2002, volkeno ilipochoma mji, tulivuka mpaka kwa miguu, nami nilikuwa na miaka 10. Mwanamke mmoja wa Gisenyi, tusiyemjua, alitulaza kwenye sebule yake na kutupa sufuria tupikie. Tuliporudi Goma tulirudi nayo. Tulisema tutaipeleka. Ni karibu miaka 24 sasa, na tangu hapo tumevuka mpaka huo mara nyingi sana.

Nilikula chakula cha jioni hiyo bila kusema neno.

Katikati ya Novemba nilikwenda kufuata habari ya bei ya birayi kwa wanaoshuka kutoka Kibumba. Mvua ilikuwa inanyesha. Mzee mmoja akapita anasukuma kinga iliyofunikwa na magunia mawili ya mashu, hata usukani hauonekani. Niliitambua kwa rangi. Nilimwita. Alisimama, akaniangalia, akafuta uso.

«Ni Mama wa radio,» akasema. «Nilijua siku moja mwenyewe ataiona.»

«Papa, kijana yuko wapi?»

«Yuko shambani. Kinga hii usimuulize yeye, niulize mimi. Siku ile walipotuambia tutoke, bibi hawezi kutembea. Tulimkalisha juu yake na hema tukafunga nyuma. Chukudu yangu tulikuwa tumeichoma kambini kwa kukosa kuni. Tumefika nyumbani, hakuna mlango, shamba ni majani. Hii ndiyo inatulisha. Sauti yako naisikia radioni, lakini nyumba yako siijui, na simu ilipotelea kambini.»

Kisha akaanza kufungua kamba za magunia, pale pale kwenye matope, ili anikabidhi kinga. Nilimzuia. Niliinama nikaangalia chini ya kiti. Namba 7 tuliyochora kwa msumari ilikuwa bado pale, haikukwanguliwa. Breki ya nyuma ilikuwa imekwisha, na mahali pake kijana alifunga kipande cha tairi cha kukanyaga kwa mguu, kama cha chukudu. Nilimwambia aendelee na safari, nitapeleka neno kwa wenzangu.

Neno hilo ndilo lililotuchukua Jumapili iliyopita, watu 14 kibandani na mvua juu ya mabati. Haikuwa rahisi. Kuna aliyesema kinga irudi mara moja, la sivyo kesho kila mtu ataondoka na yake. Hakukosea. Mwingine akajibu kwamba kuinyang'anya familia chakula kwa ajili ya matembezi ya Jumapili ni aibu. Fundi ndiye aliyetuliza watu, kwa maneno ya kazi yake tu: VTT haikutengenezwa kubeba magunia, fremu itapasuka kabla ya mwezi wa Machi, na hapo familia itakosa na kikundi kitakosa. «Mpeni mzee chombo cha kazi yake,» alisema. Chukudu mpya nzuri, ya mti wa kalitusi, tuliipata kwa dola 80. Dola 40 nilizokwisha kulipa zitumike, na sanduku liongeze 40. Namba 7 irudi, deni langu lifutwe. Zile 40 zangu sitarudishiwa, nami sikuziomba.

Tulipiga kura: 8 walikubali, 5 walikataa, mimi sikupiga kwa kuwa jambo lilikuwa langu. Wale 5 bado wamekasirika, na wawili wamesema wataangalia kama namba 7 itarudi kweli kabla ya kutoa mchango wa Januari.

Basi tangazo ni hili. Papa wa Kibumba, kama unanisikia, au kama jirani yako anakusomea: chukudu itakuwa tayari kwa fundi Jumapili tarehe 21 Desemba, kuanzia saa tatu. Shuka na namba 7, hata kama breki haipo. Mwambie kijana ashuke pia. Mvua ikipungua, katika Januari tutapanda tena hadi Kibati, na katika daftari jina lake halijafutwa. Wengine wote mnaotaka kujifunza, njooni na kiraka chenu, gundi iko.

Na mama yangu ameniomba niandike: anayemjua mwanamke aliyekuwa anakaa Gisenyi karibu na soko mwaka 2002, aliyelaza familia ya watu 6 kutoka Goma, atujulishe.