Waliobaki Getini

Mama mdogo alianza kulalamika tumbo limejaa. Tukampa maji ya tangawizi. Kliniki wakasema ni asidi, akameza dawa miezi minne. Kumbe ni saratani ya ovari.

Siku hizi niko maabara, natazama vipande vya uvimbe vya wanawake nisiowajua, vyembamba kuliko unywele. Tunavitia kingamwili zenye rangi: seli za saratani kijani, seli za T nyekundu. Kuna njia nyingine, ya kusaga tishu yote na kuhesabu kilichomo. Lakini ukishasaga embe na avokado kwa blenda, utajuaje nani alikuwa amekaa wapi? Sisi hatusagi.

Na pahali ndio mambo yote. Mwaka 2003, watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 186. Wale ambao seli za T zilikuwa zimeingia ndani ya uvimbe, 38 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Ambao hazikuingia? Hata 5 hawakufika.

Kuna picha hunikaba koo. Seli za T zipo, tena tele, lakini zimekwama ukingoni, kama askari walioitwa usiku wakakuta geti limefungwa. Nani alifunga? Hilo ndilo tunatafuta.

Kipande cha Mama mdogo sijawahi kukiona. Juzi Mama aliniuliza, akichambua kunde, "Na zake, ziliingia?"

"Sijui, Mama."

Akavuta sufuria, akaendelea kuchambua.