Bwana Shamba Atembea Kairo kwa Saa Sita

Ndugu msomaji, je, umepata kumwona mtu aliyelala mjini usiku mmoja, akarudi kijijini na hadithi za mwaka mzima? Mtu wa namna hiyo ndiye mimi. Kaa kitako nikusimulie.

Mwaka 2019 nilichaguliwa kwenda Misri. Ilikuwa semina ya siku nne kuhusu dumuzi na wadudu wengine wa ghalani. Usiku wa kuamkia safari, mzee mmoja jirani yangu alikuja nyumbani. Mzee huyu amevua samaki katika Ziwa Viktoria kwa zaidi ya miaka 50. Aliniambia, "Bwana Shamba, nasikia maji ya ziwa letu yanakwenda mpaka huko Misri. Ukifika, yaangalie vizuri. Urudi uniambie yana hali gani." Nikamjibu, "Mzee wangu, hilo ni jambo dogo."

Alivyosikia mzee ni kweli. Maji hutoka ziwani kule Jinja, katika nchi ya Uganda. Hapo huanza safari ya Mto Naili. Hupita Sudani Kusini, na huko karibu nusu ya maji hukaushwa na jua katika vinamasi vikubwa. Mjini Khartoum mto huu hukutana na mwenzake utokao Ethiopia. Kisha huenda pamoja mpaka Kairo, mji mkuu wa Misri, na kuingia baharini. Maji mengi yanayofika Misri ni ya Ethiopia. Hilo sikumwambia mzee.

Siku nne za semina tulikaa ndani ya hoteli, karibu na uwanja wa ndege. Nje niliona barabara na vumbi. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko huko. Wenyeji wetu wakatutafutia basi, tuuone mji. Tuliondoka saa tatu asubuhi. Tulitakiwa kurudi saa tisa alasiri. Ndugu msomaji, mji wenye mamilioni ya watu, na historia ya maelfu ya miaka, tuumalize kwa saa sita! Hata kupalilia robo ekari huchukua zaidi.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye bendera ndogo. Kila tulipotaka kusimama alipaza sauti, "Yalla! Yalla!" Maana yake ni twendeni. Neno hilo ndilo Kiarabu pekee nililojifunza.

Kwanza tulikwenda Giza, kwenye piramidi. Haya ni makaburi ya wafalme wa kale. Kubwa kuliko zote ni ya Mfalme Khufu. Ina umri wa miaka kama 4,500. Imejengwa kwa mawe yapatayo milioni mbili na zaidi. Kila upande wa chini una urefu wa meta 230. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilipiga hesabu. Kaburi hili moja limekalia ekari 13! Kwa magunia 15 ya mahindi kila ekari, ni magunia 195. Halafu nikatazama chini. Mchanga mtupu. Mvua ya Kairo ni milimita kama 25 tu kwa mwaka. Nikamsamehe Mfalme Khufu.

Akaja bwana mmoja na ngamia. Akanitajia bei, nayo ilikuwa ndogo. Nikapanda. Ngamia akiinuka, huinua kwanza miguu ya nyuma, nawe unaelekea shingoni kama gunia lililolegea. Tulizunguka kidogo. Nikasema sasa nataka kushuka. Yule bwana akatabasamu. Kumbe bei ile ilikuwa ya kupanda tu. Ya kushuka ni nyingine! Nami niko juu, ardhi iko mbali, na kijana wa bendera anaita "Yalla!" Nililipa.

Kutoka hapo tulikwenda jumba la makumbusho katikati ya mji. Wote walikimbilia kinyago cha dhahabu cha Mfalme Tutankhamun. Kina zaidi ya kilo 10 za dhahabu. Kaburi lake lilifunuliwa mwaka 1922, na watu hutoka nchi za mbali kuja kukiona. Nami nilikuwa njiani kwenda huko. Lakini nikapita kando ya sanduku la kioo, nikaona ng'ombe.

Walikuwa ng'ombe wadogo wa mti, wenye mabaka, kama walivyo wa kwetu. Walichongwa miaka kama 4,000 iliyopita, wakawekwa katika kaburi la mkubwa mmoja aliyeitwa Meketre. Mkubwa amekaa kivulini. Makarani wamekaa karibu naye na wanaandika. Wachungaji wenye fimbo wanapitisha ng'ombe mbele yao. Wanahesabiwa! Ndugu msomaji, ni sawasawa na siku ya josho kwetu. Hata nilimtafuta bwana mifugo. Nilisimama hapo mpaka bendera ikaja kunichukua. Dhahabu sikuiona.

Na mto je? Hoteli iko upande mmoja wa mto, na piramidi upande wa pili. Kwa hiyo tulivuka mara mbili. Asubuhi mwenzangu mrefu alisimama dirishani kupiga picha, nikaona mgongo wake. Mara ya pili nilikuwa nimeinama, nahesabu fedha zilizobaki baada ya ngamia. Nilipoinua kichwa, tulikuwa tumeshavuka.

Nikarudi nyumbani. Watu walijaa chini ya mwembe wangu. Nikawaambia nimepanda piramidi mpaka kileleni, na kumbe ni marufuku. Nikawaambia nimesimama mbele ya dhahabu. Mzee akauliza, "Na maji yetu?" Nikasema, "Ni mazuri, mzee. Yanakwenda kasi." Akatikisa kichwa kwa furaha.

Wiki mbili baadaye niliitisha mkutano. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulikuwa umeingia katika mihogo. Ugonjwa huu ni wa hila. Shina linaweza kuonekana zima, kumbe muhogo umeoza ndani. Nikawaomba watu wang'oe mimea yenye ugonjwa, waichome, na wasichukue vipando humo. Wengi walinung'unika. Ndipo mzee aliposimama, akasema, "Huyu ameyaona maji yetu Misri. Akisema mihogo ni migonjwa, basi ni migonjwa. Mimi nitang'oa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee yule hana shamba jingine.

Nikasimama tena. Nikasema, "Wazee wangu, maji sikuyaona. Dhahabu sikuiona. Piramidi sikupanda, nilipanda ngamia, na kushuka nililipa." Nikaeleza yote. Watu walicheka sana, hasa akina mama. Mzee hakucheka. Aliniambia nimfuate shambani kwake, na mkutano mzima ukatufuata.

Alichagua shina lenye majani ya kijani. Akang'oa. Akanipa kisu. Nikakata muhogo vipande vitatu. Ndani mlikuwa na madoa makavu ya kahawia, kila kipande.

"Hili umeliona?" akaniuliza.

"Hili nimeliona, mzee."

"Basi leta moto."

Siku hiyo tulichoma mihogo ya mashamba manne. Wengine walifuata wiki iliyofuata. Wawili walikataa, na mpaka leo wananiita Bwana Ngamia.

Ndugu msomaji, pengine wewe au mwanao atapata safari ya Kairo. Tafadhali, nina ombi. Katikati ya mji kuna daraja la Qasr el-Nil, lenye sanamu za simba wa shaba. Asivuke kwa basi. Ashuke, asimame kati ya daraja, aangalie chini taratibu. Atazame rangi ya maji na mwendo wake. Kisha aniandikie barua. Mzee bado ananiuliza.