Tuliyojifunza Mlima Karisimbi

Sisi wa Mudende tunauona Karisimbi kila mawingu yanapofunguka, lakini kuupanda ni jambo jingine. Una mita 4,507. Safari ni siku mbili pamoja na waongozaji wa hifadhi, na usiku mmoja hulalwa hemani, karibu mita 3,700.

Mchana mvua ilitulowesha. Jioni mwenzetu mmoja alitetemeka sana, kisha ulimi ukawa mzito. Hiyo ni dalili ya hatari: mwili unashindwa kujipasha moto. Tulimvua fulana ya pamba iliyolowa, tukamvika sweta kavu la sufu, tukamwingiza katika mfuko wa kulalia, na alipoweza kumeza vizuri tukampa chai ya sukari. Kwa swala alitayamamu. Alhamdulillah, akapata nafuu, na asubuhi akateremshwa bila kufika kileleni.

Basi wazazi na wanafunzi, jinzi na pamba ziacheni nyumbani. Zikilowa hunyonya joto la mwili. Chukueni sufu, koti la mvua, buti, na nguo kavu za usiku ndani ya mkoba usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki msiitegemee, Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008. Kilele hakikimbii; mwenzenu kwanza.