Beki mwenye hijabu

Baada ya Swala ya Ijumaa, mzee mmoja mchuuzi wa dagaa mwaloni Kirumba alinijia ofisini. Binti yake wa miaka 14 anacheza beki. Alitaka Kamati imwandikie mwalimu barua, atolewe kikosini.

“Ustadhi, stara iko wapi?”

Nilimtajia Nouhaila Benzina, beki wa Morocco. FIFA iliruhusu rasmi hijabu mwaka 2014. Tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, Benzina akawa wa kwanza kuivaa uwanjani katika Kombe la Dunia la Wanawake la wakubwa. Morocco ikaifunga Korea Kusini 1-0. Na kwetu soka limekuwa ajira: Julietha Singano, beki wa Twiga Stars, alitoka Simba Queens akaenda kucheza Mexico.

Mzee hakutikisika. Mazoezi humalizika Magharibi, akasema, na njia ya kurudi nyumbani ni giza. Hapo, nakiri, alinishinda. Barua niliiandika, lakini ya kuomba mazoezi yaanze mara baada ya Alasiri. Akaisoma mara mbili, akaitia mfukoni mwa kanzu. Hadi naandika haya, sijajua kama ameifikisha.