NAMUR: KILIMA KILICHOWATOA JASHO MABINGWA

Ukifika Namur, Ubelgiji, usiishie kupiga picha pale mto Sambre unapoingia Meuse. Hebu inua macho. Ile ngome ya mawe kilimani ndiyo ilikuwa nyumba ya motokrosi, tangu 1947 hadi 2007.

Uwanja wenyewe haukuchongwa na katapila, bwana! Pikipiki zilipenya katikati ya miti, zikateremka mabondeni, halafu zikaibukia barabarani mbele ya baa, watu na bia zao mkononi. Ukikosea kidogo, mti haukupishi.

Na mashine za zamani nazo si mchezo. Zilikuwa nzito, shokapu fupi, kila shimo linaishia mgongoni kwa dereva. Miaka ya 60 zikashika kasi za tu-stroki: nyepesi, petroli na oili vinachanganywa pamoja, moshi kibao. Mwaka 1964 kijana wa Kibelgiji, Joël Robert, alitwaa ubingwa wa dunia wa 250cc juu ya CZ ya Chekoslovakia. Alikuwa na miaka 20 tu! Alifikisha mataji 6. Mwenzake Roger De Coster akabeba 5 ya 500cc juu ya Suzuki.

Robert alifariki 2021, na kilimani hakuna tena Grand Prix. Pikipiki ya zamani unaweza kuitafutia spea, hata kuichongea. Uwanja kama ule ukifungwa, ndiyo basi.

Kwa hiyo ukienda, panda kwa miguu. Ukifika juu unahema, utajua wale jamaa walikuwa watu wa shoka.