Msafiri na Salamu

Wahenga walinena: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Umaskini huo, ndugu msomaji, si wa fedha. Ni wa kukosa mtu amjuaye.

Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, hana mwenzi. Walipofika Tunis, wenziwe wa njiani walilakiwa na kusalimiwa, yeye hakuna aliyemjua, machozi yakamtoka. Haji mmoja akamwona, akamtolea salamu na kumliwaza. Mwaka 1331 kijana huyo alifika hata Mombasa na Kilwa.

Mwanangu alipokuwa akienda masomoni Dar es Salaam peke yake, mama yake hakulala. Mimi nilimuusia haya: tujulishe chombo utakachopanda na saa ya kuondoka, fedha zako usiziweke mahali pamoja, jitahidi kuingia mji usioujua kabla ya Magharibi, na ukifika, ulizia msikiti kwanza. Huko utasalimiwa, na aliyesalimiwa si mgeni tena.

Basi enyi vijana, safirini mkaione ardhi ya Mwenyezi Mungu. Nasi wenyeji, tumwonapo mtu ameketi pekee na mzigo wake, tusingoje atuanze. Huenda salamu yetu ndiyo itakayomfikisha mbali.