Sauti Iliyofungiwa Njiani

Redio ya zamani ilikuwa na kifundo kimoja cha duara, na katika nyumba nyingi za nchi yetu ndicho kilichowafundisha watu kwamba sauti yaweza kutawaliwa kwa vidole viwili. Ulikizungusha kushoto mpaka kikalia kidogo, redio ikazimika. Ulikirudisha kulia, ikawaka, na kila ulivyozidi kuzungusha ndivyo sauti ilivyozidi kupanda. Ndani yake mlikuwa na utepe wa kaboni na ulimi mdogo wa chuma uliotambaa juu ya utepe huo, ukiruhusu umeme mwingi au mchache. Vumbi lilipoingia, sauti ilikwaruza. Fundi alifungua mgongo wa redio, akasafisha, akakizungusha kifundo mara kumi, na maneno yakaisha. Mkono wa mtu na sauti ya chombo vilikuwa vimeshikana. Palipotokea kimya, kifundo kilikuwa mshitakiwa wa kwanza, na aghalabu alipatikana na hatia.

Kompyuta mpakato imevunja undugu huo. Nayo ina vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, vyenye alama ya kipaza sauti kidogo, lakini vitufe hivyo havigusi sauti hata kwa ncha. Kazi yake ni kupeleka habari tu. Ukibonyeza, mfumo endeshi huambiwa kwamba mwenye mashine anataka zaidi. Mfumo hupandisha tarakimu, huchora picha ya spika yenye mawimbi matatu juu ya kioo, kisha huteremsha amri kwa watumishi walio chini yake. Ikiwa amri imefika mwisho wa safari au imeanguka njiani, picha imekwisha kuchorwa. Kwa hiyo picha ni shahidi wa kilichoagizwa, wala si shahidi wa kilichotendeka, na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo inayonifanya niandike.

Nakaa Kagerankanda, katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kasulu. Hapa mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba au Novemba ikaendelea mpaka mwezi wa Aprili au Mei, na watu hutegemea maharage, mahindi na muhogo. Nyumba ya jirani yangu inapata umeme wa jua kutoka kwa bamba moja lililofungwa juu ya bati. Umeme huo unatosha taa tatu, simu, na kompyuta mpakato moja ya mitumba ambayo mwana wa nyumba hiyo alipewa na ndugu yake. Kijana huyo haoni tangu utoto. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani huo hufanyika mwezi wa Novemba. Vitabu vya nukta nundu vilivyomfikia vilikuwa vichache mno. Vingine vyote alivisoma kwa masikio.

Kompyuta yake ilitumia mfumo mmojawapo wa jamii ya Linux, na ndani yake programu iitwayo Orca, ambayo husoma kwa sauti yale yaliyoandikwa juu ya kioo. Jina hilo ni la nyangumi mwindaji. Watu wa kazi hii husema lilichaguliwa kwa sababu programu mashuhuri iliyotangulia, JAWS, inakumbusha papa. Sauti yenyewe hutolewa na programu nyingine, eSpeak NG, ambayo inajua Kiswahili kwa kiasi chake. Hutamka kama mtu mwenye mafua asemaye puani bila kuvuta pumzi. Mgeni huichukia, kijana huyu aliizoea hata akaikimbiza kwa mwendo ambao mimi sikuambulia neno hata moja.

Siku moja mnamo Agosti mashine ilinyamaza. Msomaji mwenye macho atadhani ni hasara ya muziki na sinema. Kwa huyu, kioo chenyewe kilikuwa kimezimika. Hakujua kama mashine imewaka, wala kama daftari lake la historia limefunguka au limefutika. Lililo zito zaidi ni hili: mfumo unapokuwa na neno la kusema juu ya ububu wake, huliandika. Taarifa ya ubububu inaandikwa kwa maandishi, na yule anayeihitaji kuliko wote hasomi maandishi. Vipo vibao vya nukta nundu vinavyounganishwa na kompyuta, vyenye vipini vidogo vinavyoinuka na kushuka chini ya vidole, na Linux huvitambua. Lakini bei ya kibao kimoja kwa kawaida hupita bei ya kompyuta kama ile mara nyingi.

Watu watatu waliitazama mashine kabla yangu, na neno ninalolitilia mkazo ni kutazama. Wote waliona picha ya spika imejaa, na tarakimu mia kwa mia. Wawili walizima wakawasha. Wa tatu, fundi wa mjini, alihukumu kwamba spika zimekufa, akataja bei ya spika mpya, ambayo kwa wakati ule ilikuwa nusu gunia la maharage, mbali na nauli. Mama wa kijana alikuwa tayari kuuza. Kijana ndiye aliyekataa.

"Mwalimu," aliniambia nilipokwenda kuwajulia hali, "wananiambia picha inasema mia. Mimi sina picha. Nimeweka kiganja juu ya spika, hakuna mtetemo. Lakini spika zilikuwa mbili. Zimekufaje zote kwa saa moja, bila kuanguka, bila maji?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko vipimo vyote vilivyotangulia. Kisha akauliza la pili: je, ipo spika yoyote ambayo haipiti njia hii ya ndani? Ilikuwapo. Kinyozi wa senta alikuwa na spika ndogo ya Bluetooth, akatuazima kwa nusu saa. Niliiunganisha na kompyuta, na mara ile sauti ya mafua ikaanza kusoma majina ya mafaili kwa fujo, kana kwamba ilikuwa imeyashikilia mdomoni siku zote zile. Mama akacheka. Kijana hakucheka, aliinua kidole akasema, "Basi inazaliwa. Inafungiwa njiani."

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi nieleze njia yenyewe. Katika mifumo ya Linux sauti hupita malango kadhaa yanayofuatana. La kwanza ni la programu inayosema au kuimba, maana programu nyingi zina kipimo chake zenyewe. La pili ni la mtumishi wa sauti, ambaye hukusanya sauti za programu zote na kuchagua pa kuzipeleka: spika za ndani, hedifoni, runinga kwa waya wa HDMI, au Bluetooth. Kazi hiyo ilifanywa miaka mingi na PulseAudio, iliyoanza mwaka 2004, na siku hizi katika mifumo mingi inafanywa na PipeWire. Chini yake kuna ALSA, sehemu ya kiini cha Linux iliyoingizwa rasmi katika toleo la 2.6 mwezi wa Desemba 2003, na huyo ndiye anayezungumza na kadi ya sauti. Kadi nayo ina malango yake madogo: moja la jumla, moja la spika, moja la hedifoni. Lango moja likifungwa, yote mengine yakiwa wazi hayana faida. Ukifungua mia kwa mia malango matano na la sita likawa sifuri, utasikia sifuri.

Spika ya Bluetooth haipiti katika kadi ya sauti. Yenyewe ni kama kadi nyingine iliyo nje ya sanduku. Kwa kuwa ilisema, tulijua programu ni nzima, mtumishi wa sauti ni mzima, na kizuizi kiko baina ya hapo na spika za ndani. Nusu ya njia iliondolewa katika mashaka kwa kuazima kitu cha kinyozi. Nimewaona watu wenye elimu kubwa ya mashine wakianza kwa kufuta mfumo mzima na kuuweka upya, jambo ambalo lingemgharimu kijana huyu maandishi yake yote.

Nilifungua dirisha la amri nikaandika alsamixer. Hapo huonekana nguzo zilizosimama kama vipimajoto, kila moja na jina lake kwa Kiingereza. (Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na ilikuwa kazi ya sifa, lakini vyumba hivi vya chini havijafikiwa na mfasiri katika mashine niliyoishika.) Nguzo ya "Master" ilikuwa imejaa, na chini yake alama OO, yaani wazi. Nguzo ya "Speaker" nayo ilikuwa imejaa, lakini chini yake palikuwa na herufi MM, yaani imenyamazishwa. Kitufe cha M kilitosha. Spika zilizohukumiwa kufa zikasema.

Nani aliifunga? Hatukujua. Ila jambo moja lilieleweka wazi: kwa nini kuzima na kuwasha hakukufaa kitu. Mfumo unapozimwa huandika hali ya kila lango katika faili, asound.state kwa jina, na unapowashwa huisoma na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ni uaminifu mwema kwa mtu aliyechagua kiwango chake. Kwa mtu aliyefungiwa lango, ni uaminifu wa mlinzi wa gereza.

Kazi ingeweza kukoma hapo, lakini kijana hakuridhika. "Leo umeona MM," alisema. "Siku usipokuwapo, nani ataniona MM?" Nguzo zile ni picha nyingine, na picha ndiyo iliyowapoteza watu watatu. Ikabidi tutafute njia isiyopita machoni. Ipo, na ni maneno matupu yanayoandikwa kwa vidole. Katika mashine yake, vitufe vya Ctrl, Alt na T vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha la amri. Kadi ya sauti yenye spika ilikuwa namba 1, maana namba 0 ilikuwa imeshikwa na njia ya HDMI. Basi amri ikawa amixer -c 1 set Speaker 80% unmute, na nyingine ya namna hiyo kwa Master. Nilizifunga tena spika kwa makusudi, nikaketi kando. Aliandika katika kimya kitupu, bila kujua kama herufi aliyobonyeza imeingia, akiwa na imani ya vidole peke yake. Mara ya kwanza hakupata kitu. Mara ya pili aliandika polepole zaidi, akaongeza amri ya kujaribu, speaker-test, na mwanamke mmoja akasema kwa Kiingereza upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Sijapata kumwona mtu akifurahia maneno mawili matupu kiasi kile.

Aliuliza kwa nini nimeandika themanini na si mia, au zaidi ya mia, maana katika baadhi ya mifumo mtumishi wa sauti huruhusu kupita hapo. Nilimwambia kwamba kupita mia hakuongezi nguvu ya spika. Mawimbi hukuzwa mpaka vilele vyake vinagonga dari, navyo hukatwa bapa. Masikio husikia ukwaruzo. Alinijibu kwamba mimi nakaa chini ya dari la mbao. Yeye yuko chini ya bati tupu, na mvua ya Kagerankanda ikianza haina kipimo cha mia wala cha elfu. Katika hili alikuwa na haki. Dawa ilikuwa hedifoni mpya, ambazo zilipatikana kwa bei ya kuku mmoja, na lango lake, "Headphone", likaongezwa katika orodha ya amri.

Orodha hiyo aliitoboa kwa nukta nundu juu ya karatasi ya manila, mistari sita, akaiweka chini ya kompyuta. Mwezi wa Oktoba mashine ilinyamaza tena, usiku, watu wakiwa wamelala. Sikuitwa. Nilipata habari siku ya tatu, kwa kupitiwa tu, tulipokuwa tukizungumza na mama yake juu ya bei ya mbolea. Nilimwuliza kijana ilimchukua muda gani. Akasema hakuhesabu, kwani alikuwa amewaacha watu wa Majimaji katikati ya vita.